Babu Nyuma ya Goli

Shingadi ya kushoto imepatikana. Iko jikoni, inapepea mkaa.

Nasema imepatikana, sijasema imerudi. Bibi ameishika, anapepea jiko chini ya sufuria ya maharage, na ukimwangalia usoni unaona kabisa kwamba maisha yake yote alikuwa anakitafuta kipepeo cha namna hii akakikosa. Chepesi, kimejipinda kidogo, na kina mkanda wa kupitisha kidole. "Hiki kidude kizuri," anasema. "Mmekinunua wapi?" Duka la michezo, Mama. Ni cha kukinga ugoko wa mtoto. "Aa. Basi ninyi mna hela."

Mechi ni saa tatu. Sasa hivi ni saa mbili na robo. Na refa wa watoto hana masihara: kabla ya filimbi anapita mstarini, anagonga kila ugoko kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Asiposikia "ko", mtoto anabaki nje mpaka avae. Hataki kusikia habari za maharage.

Ndiyo likizo ya Juni hiyo. Mwenye wazazi wake Njombe hahitaji kalenda. Ukipigiwa simu ukaambiwa "huku baridi imekaza, asubuhi nyasi nyeupe," usidhani unapewa hali ya hewa. Tiketi imeshakatwa. Basi linatoka alfajiri, linakula kilomita kama 700, linashuka mlima Kitonga, linavuka mbuga ya Mikumi huku Babu akihesabu twiga, na magharibi wewe uko Stendi ya Magufuli pale Mbezi, unamtafuta mtu aliyevaa koti la sufu lenye vifungo vyote vimefungwa, analalamika joto.

Halafu mzigo. Viazi vimekuja gunia zima, tena lumbesa, lile lenye kilemba juu kilichoshonwa kwa kamba. Sokoni lumbesa imepigwa marufuku, lakini hakuna aliyewahi kuipiga marufuku kwenye mapenzi ya wazazi. Bajaji inalikubali kwa sharti moja, kwamba abiria wabaki. Na usidhani kazi imeisha likifika nyumbani. Viazi vikiona mwanga vinageuka kijani na kuwa vichungu, kwa hiyo haviwezi kukaa barazani. Ukiviweka karibu na vitunguu vinaota haraka. Ukiviacha ndani ya gunia kwa joto hili la Dar, kimoja kinaoza chini kabisa, mahali usipopaona, na harufu unaanza kumshtakia paka wa jirani. Vinatakiwa kutandazwa mahali pa giza, pakavu, penye hewa. Katika nyumba ya vyumba viwili, mahali hapo ni chini ya kitanda cha watoto. Watoto sasa wanalala juu ya shamba.

Parachichi sizitaji. Ndoo mbili, zote ngumu kama mawe ya kusagia, siku tano hakuna hata moja ya kula, siku ya sita zote zimeiva saa ile ile.

Umeme, basi tu. Bibi haogi maji ya baridi hata kama jasho linamtiririka, na birika la wati 2,000 likikaa nusu saa limekula uniti nzima. Tarakimu 20 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, sasa mtoto wa darasa la pili anazibonyeza bila kuangalia.

Lakini haya yote tungeyavumilia. Mpira ndio umetushinda.

Maana Babu amekuja na mpango. Siku ya pili tu alitoka kimya kimya akaenda kwenye mitumba, akarudi na zawadi ya mjukuu: daluga. Namba 38. Mjukuu anavaa 35. "Atakua," Babu akasema, akazijaza magazeti mbele. Sasa wewe mwenye mtoto unajua: kiatu cha mpira kinatakiwa kibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, basi. Kikizidi, mguu unateleza ndani, kisigino kinachubuka, na kila mtoto akifunga breki vidole vinagonga mbele mpaka kucha inakuwa nyeusi. Na hizo zenyewe zina meno sita ya chuma. Meno ya chuma ni ya kwenye matope na majani marefu, yapate kuzama. Kwenye uwanja wetu, ambao ni udongo uliokanyagwa tangu enzi za vijiji vya ujamaa, hayazami. Mtoto anasimama juu ya misumari sita, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya harusi kwenye vigae. Uwanja mgumu unataka vimeno vifupi vingi vya mpira. Nani amwambie mzee? Si mimi. Nilimwambia mama watoto amwambie. Naye akamwambia, "Asante sana Baba, nzuri sana."

Na mpira wenyewe, namba nne, wa umri wao, Babu aliubonyeza akasema umelegea. Umeandikwa pembeni ya tundu upepo unaofaa, bar 0.6 hadi 0.8, lakini Babu kipimo chake ni kwamba ukiupiga kofi sharti ulie. Akachukua sindano ya pampu ikiwa kavu. Kavu! Sindano hulowanishwa, hata kwa mate, ndipo iingizwe polepole, la sivyo inachana kile kijimpira cha ndani. Ikachana. Tangu hapo mpira unajazwa jioni, asubuhi umelala chali kama kitumbua.

Tuje Jumamosi iliyopita.

Kijana wetu ni kipa. Ligi ya likizo, watoto wa chini ya miaka kumi na moja, saba kila upande, dakika ishirini ishirini. Wazazi wana viti vyao vya plastiki upande wenye mwembe. Babu alipewa kiti cha kwanza, kivulini kabisa. Akakikataa. Akaenda na fimbo yake na koti lake kusimama nyuma ya goli la mjukuu, kama mita mbili kutoka kwenye wavu.

"Mbona wako saba?" akauliza kwa sauti ya uwanja mzima. "Wale wanne wanaumwa?"

Akaelezwa kwamba watoto hucheza wachache ili kila mmoja aguse mpira mara nyingi. Akaelezwa kwamba katika ligi yao ofsaidi haipo. Hilo la ofsaidi lilimuuma. Babu mpira anaujua, asikwambie mtu. Mwaka 1979 Taifa Stars ilipokwenda Ndola, Zambia, Peter Tino akafunga, tukaenda Fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, Babu alikuwa Njombe na redio ya betri sikioni, na tangu siku ile huisimulia mechi kama yeye ndiye aliyetoa pasi.

Dakika ya kumi na nne, bila bila. Beki wetu, mtoto mpole, amebanwa na watu wawili. Akafanya alichofundishwa: akamrudishia kipa kwa mguu, taratibu. Kocha kutoka pembeni: "Piga! Piga mbali!" Babu kutoka nyuma ya wavu: "DAKA!"

Hebu mfikirie mtoto wa miaka kumi. Kocha anamwona Jumanne na Alhamisi. Babu analala naye chumba kimoja, tena juu ya viazi.

Akadaka. Filimbi.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1992. Zamani timu ikishaongoza ilikuwa inarudisha mpira kwa kipa, kipa anadaka, anaubingirisha kwa beki, beki anarudisha, kipa anadaka, mpaka watu wanasinzia uwanjani. Kombe la Dunia la 1990 kule Italia liliwachosha watu kwa mchezo huo, ikaamuliwa kwamba mwenzako akikurudishia makusudi kwa mguu, usishike kwa mikono. Kwa kichwa, kwa kifua, kwa goti, ruksa. Babu alipokuja kuelezwa haya alisikiliza vizuri, akatafakari, akasema: "Tisini na mbili nilikuwa shambani. Hakuna aliyekuja kunijulisha."

Refa akaweka mpira hatua chache tu mbele ya goli. Kisha akanyoosha mkono juu akauacha huko huko. Anayejua anajua: ni adhabu isiyo ya moja kwa moja, mpira lazima uguswe na mtu wa pili ndipo goli lihesabiwe, na mkono haushuki mpaka uguswe au utoke nje.

"Yule mwalimu," Babu akauliza, "anaomba ruhusa ya kwenda wapi?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo familia ilipoaibika. Mpigaji akiupiga wavuni moja kwa moja, bila kumgusa mtu yeyote, si goli. Inakuwa golikiki, yetu. Kocha wetu analijua hilo, na akamwona yule winga wao anarudi nyuma hatua sita, mate yamemjaa mdomoni, haonekani kabisa kutaka kumpa mtu pasi. Kocha akapiga kelele: "Uache! Uache uingie!"

Na Babu: "DAKA!"

Nauliza kwa haki kabisa. Wewe ni kipa, una miaka kumi. Mtu mzima mmoja anakwambia uache mpira uingie golini. Mwingine anakwambia udake. Nani mwenye akili hapo?

Winga akaachia kombora. Mtoto akaruka, tena akaruka vizuri, picha ningekuwa nayo ningeiweka sebuleni. Mikono yote miwili ikaufikia mpira. Na ungetulia mikononi, adhabu ingeisha pale pale. Lakini zile glavu.

Glavu za kipa viganja vyake ni povu la mpira, laini, ndilo linaloshika. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, bila brashi, unakamua kwa kubonyeza, hukunji wala husokoti, unaanika kivulini. Kabla ya mechi unazilowanisha kidogo ndipo zishike. Ijumaa, Bibi alizikuta na vumbi. Sabuni ya mche. Brashi ya kufulia. Akazianika juu ya bati saa saba mchana. Zilirudi nyeupe, safi, zinanukia, na ngumu kama chapati ya juzi.

Mpira ukagonga chapati, ukateleza, ukaingia. Refa akaushusha mkono, akaelekeza kati. Goli. Lingeachwa lingekuwa golikiki; limeguswa, limehesabiwa. Pasi ya kwanza ametoa Bibi, ya pili ametoa Babu.

Babu akaingia uwanjani.

Sikukimbia kumfuata. Nilitembea, kama mtu aliyekuwa anaelekea huko huko kwa shughuli zake. Nilipofika nikamkuta amemsimamia refa, fimbo chini, na kitu cha kwanza kutoka mdomoni mwake kilikuwa salamu ya kwao: "Kamwene."

Refa akatulia. Akavua kofia. "Kamwene, Babu."

Kumbe refa ni wa Makambako, kule kule Njombe! Ukoo gani? Wa fulani. Yule mwenye kinu cha kusaga karibu na reli? Huyo huyo, mjomba. Ah! Huyo alioa kwetu! Watoto kumi na wanne wamesimama na mikono kiunoni, mpira uko kati, kocha wa timu nyingine anaangalia saa kama mtu aliyeacha chuma cha pasi kwenye shati. Mzee wa ukoo huu yuko hai? Yuko hai, miguu tu inamsumbua. Mpe pole. Zimefika, Babu. Na lile goli? Lile ni goli, Babu. Sawa.

Sawa! Mimi nikisema refa amekosea naambiwa sina adabu, lakini mtu wa Makambako akisema goli, basi ni goli.

Na refa, kwa kuwa mtu wa haki, akaongeza dakika zilizopotea. Dakika nne. Ndani ya dakika nne za ukoo ndipo likaingia la pili.

Njiani Babu alikuwa na furaha tele. "Refa mzuri sana yule. Anajua sheria."

Bibi naye alishakwenda mara moja kwenye netiboli ya binti, akakaa kimya, akahesabu sekunde tatu kwa vidole, na kila alipofika kidole cha nne mwamuzi naye akapiga filimbi. Hakusema neno. Ndiyo maana kule wanamtaka arudi, huku tunaombewa dua.

Walikuwa waondoke Jumapili. Tiketi mbili, viti vya mbele, nimelipia. Jana usiku Babu ametoa miwani, ameiangalia ratiba ya ligi kwenye simu ya mama watoto, akauliza nusu fainali itachezeshwa na nani. Akaambiwa. Akakunja miwani. "Njombe bado kuna baridi," akasema.

Basi kama ni hivyo, naomba angalau shingadi. Saa mbili na nusu. Mtoto yuko mlangoni, mguu mmoja umevaa kikamilifu, mwingine umefungwa kipande cha boksi la maji ya chupa ambacho Babu amekikata mwenyewe kwa kisu cha mkate, na amekigonga kwa kifundo, kikasema "fu". Nimeingia jikoni kwa adabu zote. Mama, shikamoo tena. Marahaba mwanangu. Kile kidude.

"Yakichemka tu," Bibi amesema, anapepea.

Maharage yenyewe ni yale waliyokuja nayo, hayakulowekwa usiku. Yasipolowekwa yale huchukua masaa mawili, na mkaa ndio kwanza unashika.