HER2: Tupime Damu ama Tubaki na Kinyama?

Kuna hoja hairuhusu watu wa utafiti wa saratani ya matiti hapa Nairobi kupumzika, kwamba hii mambo ya kutoa kinyama kwa titi kila tukitaka kujua HER2 imepitwa na wakati, tuchukue damu tu, tuendeshe ELISA, kipimo cha labu kinachohesabu protini kwa damu, tumalize. Naielewa, na nusu yake naikubali.

HER2 ni risepta, protini inayokaa kwa utando wa seli na kuisukuma igawanyike. Kwa kama asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti inakuwa nyingi kupita kiasi, na wagonjwa hao ndio dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani 1998, inawasaidia. Ile sehemu ya risepta iliyo nje ya seli hukatwa na vimeng'enya ikaingia kwa damu, na hapo ELISA inaidaka kati ya antibodi mbili, yaani protini za kuinasa, unapata namba. Mpaka uliozoeleka ni nanogramu 15 kwa mililita, ikipita hapo inahesabiwa iko juu. Namba haina "mimi naona hivi", tena unaweza chukua damu leo urudie baada ya wiki tatu bila kumdunga mama sindano nene ya biopsi mara ya pili, na kwa utafiti hiyo ni mali kabisa.

Shida inaanzia hapa: mwanamke ana uvimbe mdogo, haujasambaa, seli zimejaa HER2, na bado damu yake inasoma chini ya 15. Ukitumia hiyo damu kuamua nani apewe dawa utaacha nje wale wale ambao dawa ingewafaa zaidi. Hapo siko na ELISA hata kidogo.

Lakini pia tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kinyama nacho kina mambo yake. IHC, kipimo cha kupaka kinyama rangi na kukipa alama 0 hadi 3+, inasomwa na macho, mtu wa patholojia anaangalia rangi ya kahawia imezunguka seli namna gani, 3+ ni duara kamili lililokolea kwa zaidi ya asilimia 10 ya seli, 2+ inapelekwa FISH, kipimo kingine cha kinyama, ikahesabiwe jeni ya HER2, 0 na 1+ zilikuwa hasi na hakuna mtu alijali tofauti yake. Halafu 2022 dawa nyingine, trastuzumab deruxtecan, ikaonyesha inawasaidia hata wenye 1+ ambao saratani imesambaa, na ghafla kipimo kilichotengenezwa kutafuta HER2 nyingi kinaombwa kitenganishe 0 na 1+, mahali wataalamu wawili wazuri wanaweza kosana juu ya slaidi moja.

Na kabla ya macho kuna fomalini, maji ya kuhifadhi kinyama kisiharibike. Miongozo ya ASCO na CAP, vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na wa patholojia, inataka kinyama kiingie fomalini ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Sasa fikiria biopsi imetolewa huko kaunti Ijumaa mchana, imekaa kwa trei kwanza juu chupa inatafutwa, kifuniko kimefungwa na plasta, jina kwa biro, inapanda matatu Jumatatu na labu inaigusa Jumanne. Ikisomeka 0, ni saratani haina risepta ama ni protini iliharibika njiani? Slaidi haitakuambia.

Kwa hivyo mimi nasema kinyama kiamue nani ana HER2, damu ifuatilie wale tayari wanajulikana wanayo na imesambaa, na kwa kiti moja ya ELISA (seti ya vifaa vya kupimia) mwanzo hadi mwisho, juu za kampuni tofauti hazipatani namba. Na hata kabla ya kununua hiyo kiti, fomu ya biopsi iongezwe nafasi mbili: saa kinyama kimetoka, saa kimeingia fomalini.