Ushuhuda usioogopa kupimwa

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ibada nyingi za Jumapili hazimaliziki bila ushuhuda, na mimi naipenda sana saa hiyo. Watu waliokimbia vita, waliopoteza nyumba kwa lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na wengine mwaka 2021, wanasimama mbele ya wenzao kueleza Mungu amewatendea nini. Anayewacheka hajui wanaishi vipi.

Ila kuna ushuhuda wa aina moja ambao kila nikiusikia roho inaniuma. Mama anapita mbele akiwa na mfuko mweusi mkononi, ndani yake vidonge vya presha. Anasema tangu aombewe kichwa hakimuumi tena, basi leo anavitupa. Vigelegele, ngoma, wimbo. Hakuna anayemuuliza kama amepimwa tena. Na presha ndiyo ugonjwa usiobisha hodi: mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku moyo na figo vikiharibika, mpaka siku mshipa wa kichwa unapopasuka. Kifaa cha kuipima kinafungwa mkononi, kazi ya dakika chache, na vituo vya afya vya kartie (mitaa) zetu vinacho. Lakini ukimshauri mama huyo apite huko kwanza, utaambiwa umeingiwa na roho ya mashaka.

Nawaomba wanaosema hivyo wafungue Marko 1. Mwenye ukoma anamwendea Yesu, anatakasika papo hapo. Neno linalofuata si "nenda ukatangaze". Yesu anamkataza kumwambia mtu yeyote, anamwamuru aende kujionyesha kwa kuhani, iwe ushuhuda kwao. Kazi ya kuhani katika jambo hilo imeandikwa kwenye Mambo ya Walawi 13, na ukiisoma polepole utashangaa: anatazama ngozi, anaangalia kama malaika ya mwili, yaani vinyweleo, yamegeuka meupe, kama pigo limeingia ndani kupita ngozi. Akiwa hana hakika, anamtenga mtu siku saba, kisha anamtazama upya. Uchunguzi, muda wa kungoja, uchunguzi wa pili. Yesu mwenyewe, aliyejua hakika kwamba mtu yule amepona, alimpeleka akapimwe. Sasa mchungaji wa Majengo au wa Ndosho anaogopa nini?

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji ni hili: anayesema amepona ukimwi, sukari au presha, aombewe, ashangiliwe, halafu asindikizwe hospitali kabla ya kupewa kipaza sauti. Dawa ziachwe kwa neno la daktari. Kama Mungu amemponya, karatasi ya maabara itasema hivyo, na hata jirani asiyesali atabaki bila jibu. Kama bado, tumeokoa maisha ya mtu, na jina la Mungu halikusemewa uongo madhabahuni.

Najua nitajibiwa kwa Tomaso, mwanafunzi wa Yesu aliyetaka kuona kwanza ndipo aamini: "Wa heri wasioona, wakasadiki." Naliamini neno hilo kwa moyo wote. Lakini Tomaso hakufukuzwa. Alionyeshwa mikono na ubavu. Na mistari inayofuata papo hapo, Yohana anasema ishara hizi zimeandikwa ili sisi tupate kuamini. Sisi ambao hatukuona hatukuachwa mikono mitupu, tumeachiwa maneno ya walioona. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho habari za ufufuo, anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Bwana, na anaongeza kwamba wengi wao wangali hai. Ni kama kuwaambia: wapo, waulizeni. Mtu anayetaka watu waamini wakiwa wamefumba macho haandiki hivyo.

Na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua umetoka mji huu huu. Mimi si Mkatoliki, lakini Floribert Bwana Chui ni wetu sote. Alikuwa kijana wa Goma, mtu wa sala, na kazi yake ilikuwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa hapa mpakani. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika kutoka ng'ambo. Wenye mali walitaka upite wauziwe watu, wakamtolea pesa, akakataa. Alitekwa, akauawa, ana miaka 26.

Tazama vitu viwili vilivyokutana ndani ya mtu mmoja. Kwamba mchele ule umeoza, hilo halikuhitaji ufunuo; lilihitaji mtu anayefungua gunia, anayeangalia, na anayeandika alichokiona. Kama angeombea mchele badala ya kuukagua, watu wangekula sumu. Lakini ukaguzi ungemfikisha hapo tu. Hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtu kwamba maisha ya watoto wa mtaa wa Birere asiowajua yana thamani kuliko noti alizowekewa mezani, wala kwamba ni afadhali afe kuliko kutia sahihi uongo. Hilo alilipata kwa Kristo. Wanaotuambia siku hizi kwamba sayansi peke yake inatosha, wakati mwingine ni vijana wetu wa chuo, na ningependa walifikirie kwa utulivu.

Hata baada ya kifo chake Kanisa Katoliki halikutosheka na machozi ya mji. Liliwaita mashahidi, likawahoji, likapekua aliuawa kwa sababu gani hasa. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Papa Francis aliidhinisha tamko la ufiadini wake, yaani kwamba aliuawa kwa ajili ya imani, Novemba 2024, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenye heri, hatua iliyo kabla ya Mtakatifu, huko Roma, miaka karibu 18 tangu auawe. Sijasikia mtu hata mmoja wa Goma akilalamika kwamba maswali yale yalimvunjia Floribert heshima.