Zana ya Kupakua Mafaili Haielezeki kwa Sentensi Moja

Miongoni mwa waunda programu wanaowatengenezea mawakala wa akili mnemba (programu zinazotekeleza kazi zenyewe kwa kuongozwa na modeli ya lugha) zana za kazi, wapo wanaoona kwamba kueleza kwa kirefu zana ya kupakua mafaili ni kujichosha bure. Modeli imesoma msimbo usio na idadi, wanasema, kupakua inakujua. Andika "Hupakua faili kutoka kwenye kiungo", kisha endelea na mengine.

Hoja yao si ya kubezwa. Chini ya Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, kila zana hutangazwa kwa jina, maelezo na vigezo vyake, na kwa kawaida hayo yote huwekwa mbele ya modeli kabla mtumiaji hajauliza lolote. Kila neno linakula tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo modeli huvisoma, na tokeni ni pesa. Wanaongeza kwamba mambo ya hitilafu yaachiwe ujumbe wa hitilafu wenyewe, maana modeli huusoma pale tu unapohitajika.

Shida ni kwamba modeli haijui kupakua kwa namna moja. Inajua namna nyingi mno. Chukua wget na curl, programu ambazo msimamizi yeyote wa seva amezizoea. Kwa kawaida wget ikikuta folda ina faili lenye jina lilelile, huliacha salama na lile jipya hulibatiza kwa kuongeza .1 mwishoni. curl ukiipa jina kwa -o, huandika juu ya la zamani bila kuuliza. wget hufuata seva inapoielekeza kwenye anwani nyingine. Curl haifuati mpaka uiambie kwa -L. Zote mbili zinapakua. Modeli imekutana nazo zote, na kwa kuwa haioni msimbo wa zana yako, inabaki kubahatisha wewe ulifuata mwenendo upi.

Hapo bado hatujauliza faili linaishia wapi. Kwenye diski ya seva, kwenye kompyuta ya mtumiaji, au yaliyomo yanamwagwa moja kwa moja kwenye mazungumzo? Faili la megabaiti 3 likirudishwa kwa base64, njia ya kuandika faili kwa herufi za kawaida, huvimba kwa thuluthi, likawa herufi zipatazo milioni 4, mzigo ambao modeli yenye dirisha (kiasi inachoweza kusoma kwa mara moja) la tokeni 200,000 haiubebi. Aliyeokoa tokeni thelathini kwenye maelezo anaweza kuupoteza uchumi wake wote katika mwito mmoja.

Lakini linalonikera zaidi ni kushindwa kwa kimya. Seva ikijibu 404, yaani faili halipatikani, na kuambatanisha ukurasa wa kuomba radhi, curl isiyopewa -f, inayoiambia ihesabu jibu kama hilo kuwa hitilafu, huuhifadhi ukurasa huo kwa jina uliloomba na kumaliza kana kwamba mambo ni shwari. Kuna baya kuliko hilo: tovuti inayotaka nenosiri inaweza kurudisha ukurasa wa kuingilia ikiwa na msimbo 200, ule wa mafanikio, na hapo hata -f haisaidii. Sasa kuna ripoti.pdf ambayo ndani yake ni HTML. Binadamu ataona ripoti ya kurasa mia ina kilobaiti 4 na atashtuka. Wakala aliyeambiwa "imefanikiwa" hana sababu ya kushtuka. Anaweza kuipeleka kwa barua pepe kama ilivyo. Wanaotegemea ujumbe wa hitilafu wajibu hili: ujumbe gani, ikiwa hakuna hitilafu iliyotajwa?

Upande wa pili una hoja moja nzito kuliko ile ya tokeni, nayo ni usalama. Kuandika "usipakue kutoka anwani za ndani" hakuzuii kitu. Anwani 169.254.169.254, ambayo kwenye seva nyingi za kukodi hutoa taarifa za mashine na wakati mwingine funguo zake, izibwe ndani ya msimbo. Tena maelezo yenyewe ni mlango: Aprili 2025 Invariant Labs, kampuni ya usalama wa akili mnemba, ilionyesha jinsi maagizo ya hila yanavyoweza kufichwa humo, modeli ikayatii bila mtumiaji kuyaona. Maelezo yakirefuka, mkaguzi naye anaongezewa kazi.

Ndiyo maana sitetei insha. Natetea kitu kama hiki: "Huhifadhi faili kwenye folda ya kazi ya seva na kurudisha njia yake, ukubwa kwa baiti, aina iliyotajwa na seva na anwani ya mwisho baada ya kuelekezwa. Haiandiki juu ya faili lililopo. Hukataa kinachozidi megabaiti 50. Haihakiki yaliyomo: PDF halisi huanza na %PDF, kagua kabla ya kutumia." Nafasi ikibana, kikomo cha megabaiti kihamie kwenye ujumbe wa hitilafu, kwa sababu kikivukwa zana itapiga kelele yenyewe. Sentensi ya mwisho nisingeigusa.