Karabai Mbele ya Macho

Wiki iliyopita nilitumiwa video ya mchambuzi anayesema kupoza dirisha la sensa ya infraredi (jicho linaloona mionzi ya joto) kwenye kombora la haipasoniki, yaani linaloruka zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti, ni kazi iliyokwisha. Limejaribiwa ardhini, takwimu zipo, basi. Nafundisha fizikia, na video ile imenikera mpaka leo.

Wengi hudhani dirisha hupozwa ili lisiyeyuke. Yakuti samawi, inayotumika sana kwa kazi hii, huyeyuka kwenye nyuzi 2,040 za Selsiasi hivi. Kombora likienda Mach 6, mara sita ya kasi ya sauti, kwenye kimo cha kilomita 20, hewa inayogota puani mwake hupita nyuzi 1,300. Yakuti inaweza kupasuka, kweli, lakini kabla ya hapo sensa imeshapofuka. Kitu chenye nyuzi 430 hutoa mionzi yake kwa wingi karibu na urefu wa wimbi wa mikrometa 4, na hapo ndipo sensa nyingi zinapotazama. Dirisha lenyewe linakuwa taa.

Nikiwa mdogo bibi alinituma usiku kutafuta mbuzi aliyekata kamba. Nikainua karabai usawa wa uso, nisione hata mti wa uani. "Mjukuu wangu, iweke juu ya kichwa, isikukae machoni." Mbuzi alikuwa hatua kumi tu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Ndiyo maana hupulizwa nitrojeni au heli juu ya dirisha. Lakini gesi hiyo ikichanganyika na hewa ya moto, picha hutetema kama barabara ya lami saa saba mchana.

Sasa turudi ardhini. Majaribio hufanywa kwenye mahandaki ya upepo, mabomba yanayopuliza hewa ya kasi juu ya kinachopimwa. Handaki la wimbi la mshtuko hufanya kazi kwa milisekunde. Dirisha halijawahi hata kupata moto sawasawa, upepo umeisha. Yapo mahandaki yanayodumu zaidi, kama lile la NASA kule Langley, Marekani, lenye upana wa mita 2.4, ila hilo huchoma methani ili kupasha hewa. Methani ikiungua huacha mvuke wa maji na kaboni dioksidi, na kaboni dioksidi humeza infraredi karibu na mikrometa 4.3. Unapima macho ya kombora kupitia moshi ambao angani haumo!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila mahandaki hakuna pa kuanzia, na kurusha kila wazo ni kufilisika. Lakini kumbukeni HTV-2, chombo cha majaribio cha haipasoniki cha DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, tarehe 11 Agosti 2011. Haikuwa kombora lenye dirisha la namna hii, ila nyuma yake kulikuwa na majaribio ya ardhini na safari ya 2010. Mawasiliano yalikatika baada ya dakika 9 hivi. Mwaka 2012 wakatangaza kwamba ngozi ya chombo ilibanduka kuliko walivyotarajia.

Ndugu mchambuzi, ukirekodi nyingine tuambie jaribio lilidumu muda gani, ni gesi gani iliyopita juu ya dirisha, na dirisha lilifika nyuzi ngapi.