Kusadikika tulikisomea mtihani, kukisoma bado

Nikimwambia mtu narudia kusoma Kusadikika cha Shaaban Robert jibu ni lilelile, ah hicho si tulishasoma shuleni. Yaani kimeisha, hana tena shida nacho. Mimi naona wengi wetu kile kitabu tulikisomea mtihani tu, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya lugha, unakariri unaenda kumwaga kwenye karatasi, ukitoka chumba cha mtihani ndo mmeagana mpaka leo.

Sisemi kusoma mara ya kwanza hakuna raha, raha ipo kubwa tu na wala hairudi. Aliyekua na zile riwaya za Elvis Musiba ananielewa, jasusi wake Willy Gamba yuko kwenye hatari na wewe uko kitandani umeambiwa uzime taa na kila ukisema namalizia sura hii moja unajikuta umeshaingia nyingine. Vile vitabu vilipita mkono kwa mkono mpaka jalada linatoka na kurasa za mwisho zinapotea, ukiangukia nakala ya hivyo unazunguka mtaa mzima unatafuta aliyesoma nzima akusimulie ilivyoisha. Kiu ya namna ile unakuwa nayo mara moja kwa kila kitabu, basi. Siku hizi nikimrudia Willy Gamba nafurahi sana, ila zaidi nafurahi kukumbuka enzi zile, maana adui nshamjua.

Kusadikika ni kinyume chake kabisa, na ndo maana nakitetea.

Kwa aliyesahau: Kusadikika ni nchi ya kubuni iliyo angani, na raia wake mmoja, Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kufundisha watu uanasheria. Mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Katika kujitetea Karama anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma huko nyuma, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wanne kwenye pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja anaondoka, anateseka, anajifunza mambo mazuri ya huko alikoenda, anarudi nayo nyumbani, na malipo yake ni gereza. Wote sita. Sasa unaposoma mara ya kwanza unataka kujua nini kitatokea, wakati kitabu kimeshakuonyesha kwa mjumbe wa kwanza tu nini kitatokea, kwahiyo ukifika wa tatu unaanza kuruka kurasa. Nina nakala ya mtumba niliyonunua kwa wauza vitabu wa pale Posta, mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa mwanafunzi, kaandika kwa penseli pembeni kila mahali, uongozi mbaya, dhuluma, kupigania haki, mistari kaipiga kwa rula. Halafu akifika kwa Kabuli penseli inakata. Kuanzia hapo mpaka mwisho kurasa ni safi, hakuna hata alama moja.

Namuelewa huyo mwanafunzi, dhamira zake alikuwa keshazipata na mtihani uko mlangoni. Lakini mimi sasa hivi sehemu hiyo safi ndo naipenda kuliko zote. Ukirudia hauna haraka ya kujua mjumbe atafungwa au atapona, unajua kabisa anafungwa, kwahiyo macho yanahamia pengine. Unaanza kuwaangalia wale wanaosikiliza. Unaanza kujiuliza huyu wa pili alipata wapi moyo wa kuondoka wakati wa kwanza yuko gerezani, na wa tatu je, na huyo wa sita ambaye kabla yake wameshaumia watano? Mara ya kwanza nilisoma stori moja imerudiwa mara sita. Nikirudia naona ujasiri unapanda, kila mjumbe anabeba uzito wa waliomtangulia, na kila hukumu inakuwa nzito kuliko iliyopita ingawa adhabu ni ileile, kwa sababu safari hii wanaohukumu hawawezi tena kusema hawakujua.

Halafu mwangalie Karama mwenyewe, maana hapa ndo napapenda sana. Ushahidi mpya hana, wala hatoi shahidi aliyefichwa. Anachofanya ni kulirudishia baraza kesi zake lenyewe, kesi zilizokwisha, watu walishahukumiwa wakasahaulika huko ndani, anazisimulia upya taratibu, mmoja baada ya mwingine, na zikisimuliwa mara ya pili zinasikika tofauti kabisa na siku zilipoamuliwa, mpaka mwisho mfalme anamwachia Karama na wale sita wanafunguliwa. Baraza ni lile, habari ni zilezile, kilichobadilika ni kwamba safari hii wamekaa wakasikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu akiniambia kurudia kusoma ni kupoteza muda mimi namjibu kwa kesi hii, watu sita wametoka gerezani kwa sababu kuna mtu alirudia.

Kuna na ule ufunguo tuliopewa darasani, kwamba Kusadikika ni Tanganyika na wale watawala ni wakoloni. Ni kweli na una msingi mzuri, Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani kule Tanga, alikuwa karani wa serikali ya Waingereza, kitabu kikatoka 1951 wakati nchi bado iko mikononi mwao. Mtumishi wa serikali anayetaka kuandika habari ya sheria mbovu na viziwi walioko madarakani, ndo akaiweka nchi yake angani. Ni akili kubwa na nadhani tunaichukulia poa mno. Shida ni kwamba ukishapewa huo ufunguo unaona kazi imekwisha, mkoloni kaondoka 1961 basi na kitabu nacho kimeondoka naye. Kisome tena sasa hivi, wewe uliyewahi kufanya kazi ofisini, ukaona mtu anatumwa semina nje ya nchi, anarudi na ripoti nzuri ya kurasa nyingi, bosi anaipokea, inaingia kabatini, na mleta ripoti akiendelea kuulizia anaanza kuonekana msumbufu. Hapo hauhitaji mwalimu wa kukutafsiria Majivuno ni nani.

Lugha yake pia haiwezi kuingia yote kwa mkupuo mmoja. Yule ni mshairi hata akiandika nathari, sentensi zake zina mizani, zinakuja mbilimbili, upande huu unajibu upande ule, ukizikimbiza kwa macho unazimaliza bila kuzisikia. Mimi nikirudia nasoma kwa sauti, sura moja kwa siku inatosha, watoto wakikaa karibu wasikie nao.

Najua kuna hoja kwamba vitabu vipya ni vingi na umri ni mfupi, na ni hoja ya haki, waandishi walio hai nao wanataka wasomaji. Basi gawa. Soma vipya, lakini uwe na hata viwili vitatu vya kurudia, vya kwako, vile ambavyo ukifungua popote unajua uko wapi. Usirudie kila kitu maana vipo vitabu vinavyojimaliza vyenyewe siku ya kwanza na hiyo si aibu yao, viliandikwa kwa ajili ya usiku mmoja na usiku huo vilikupa.

Na kwa anayetaka kujaribu kwa Kusadikika, anza pale Majivuno anapomaliza kushitaki na Karama anasimama kuanza kujibu. Mlango umeshafungwa kwa Karama na yeye ndo kwanza anafungua mdomo. Ukifika kwa Kabuli usiruke.