Injinia, Mashine Imejizima Yenyewe

Ndugu zangu, kiwandani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuharibu mashine. Hakuna. Zote zimejizima zenyewe na zimejivunja zenyewe, na ile ya kufunga vizibo, kwa ushahidi wa opereta wake, ilijing'oa meno yeye akiwa "amesimama tu pale". Barua yangu ya ajira inasema mimi ni mhandisi wa matengenezo. Kazi ninayoifanya ni upelelezi, tena wa kesi ambayo mashahidi wote ni watuhumiwa na wote wanakula meza moja.

Tunatengeneza maji ya chupa, huku Barabara ya Nyerere, Dar. Wewe ukinunua dukani, ya baridi, unaona maji tu. Hujui kwamba ile chupa ilianza ikiwa kijidude kifupi kinene kinachoitwa prifomu, kikapitishwa kwenye taa kikapashwa moto karibu nyuzi 100, halafu kikapulizwa hewa ya presha inayoweza kufika baa 40. Tairi la gari dogo lina baa 2 na ushee. Sasa fikiria kwa nini mlango wa mashine ile umewekewa swichi ya kuizima ukifunguliwa. Opereta wetu hafikirii hayo. Yeye anajua mlango unamchelewesha. Akaibana swichi kwa selotepu, mashine ikaamini mlango umefungwa, na yeye anaingiza mkono humo kuchomoa chupa zilizokwama kama mtu anayetoa embe kwenye kapu. Nilipoibandua selotepu nikageuka mchawi: "Injinia anaturudisha nyuma na tageti." Kesho yake nikakuta swichi imefungwa kwa soksi. Tena soksi iliyokwisha kuvaliwa, na nikaifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi moja usiku simu ikalia. Konveya, ile inayosafirisha chupa, imesimama.

"Kabla haijasimama mlisikia nini?"

"Hatukusikia kitu, injinia. Imejizima tu yenyewe."

Nikapanda bodaboda kutoka Gongo la Mboto, nauli ya usiku hiyo, ambayo mhasibu hajawahi kuitambua. Nafika, shifti nzima imekaa juu ya maboksi inachati. Kava la mnyororo halipo mahali pake. Kuuliza, naambiwa lilifunguliwa ili mashine ipate hewa. Kulitafuta, lile pale, limelazwa juu ya ndoo mbili, limekuwa meza, na sahani zimepangwa juu yake. Nikamulika kwa tochi ya simu kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Kijiko. Kijiko cha chuma, kimepinda mara mbili, kimejikaza kati ya mnyororo na meno, na kimebaki na punje ya harage.

Nikakiinua juu kila mtu akione. Kimya. Mmoja akasema labda kilikuja na mzigo wa prifomu. Mwingine, na huyu nampa heshima zake, akasema panya. Mama wa kantini alipopita kukusanya vyombo akakitazama akasema, "Ee, kumbe ndicho hiki," akakitia kwenye beseni akaenda zake. Hata pole sikupewa.

Jumatatu nikajaza ripoti. Kwenye sababu ya hitilafu nikaandika: kijiko. Meneja akanirudishia, eti niandike kitaalamu. Nikaandika: "Kitu kisicho sehemu ya mtambo kiliingia kwenye mfumo wa kusafirisha nguvu." Akasaini palepale, akanisifia.

Tuje kwa mtu wa manunuzi, maana huyu ana sehemu yake peponi kwa jinsi anavyonifanya nimtaje Mungu. Niliomba beringi, ile pete ya gololi inayovikwa kwenye shafti, namba 6205. Nikaiandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari, nikampa na ile mbovu kama sampuli. Akazunguka Gerezani siku nzima, akarudi jioni anatabasamu, na 6204.

"Bosi, hii siyo."

"Ni ileile kaka, imepishana namba moja tu. Na bei nimewapiga vizuri."

Nikamweleza taratibu: namba mbili za mwisho zidisha kwa 5 upate tundu. 04 ni milimita 20, 05 ni milimita 25. Shafti yangu ni 25. Akaniangalia kwa huruma, mtu anayeona mwenzake anajitafutia matatizo. "Sasa milimita 5 ndiyo nini? Si unagonga na nyundo?" Tena risiti keshaichukua, na duka halipokei mali iliyorudishwa. Ile 6204 iko mezani kwangu mpaka leo, inazuia karatasi zisipeperuke.

Umeme nao. Ikipotea fezi moja, yaani laini moja ya umeme kati ya tatu, mota ukiiwasha haizunguki, inaunguruma tu. Mtu mwenye akili anaiacha na kuita fundi. Wetu wanaita baadaye. Kwanza wanabonyeza kitufe cha kijani. Overlodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, inakata, wanairesti, inakata, wanairesti. Ilipowachosha wakatafuta bisibisi. Mota yenyewe ni ya kilowati 4, inakula kama ampea 8, na overlodi niliiacha imesetiwa ikate kwenye 8. Nimefika nimeikuta kwenye 12, mwisho wa kibao, na ile harufu ya vanishi iliyoungua imejaa hadi getini. Nani kaizungusha? Wakatazamana. Kijana mmoja wa shifti ya usiku akajitolea: "Injinia, umeme ulirudi kwa nguvu sana. Nadhani ndio uliisogeza."

Umeme ukashika bisibisi. Haya.

Kwenye kikao naulizwa mimi kwa nini hakuna matengenezo kinga. Jamani! Kuanzia Desemba hadi Machi naomba siku moja tu mashine isimame niifanyie sevisi. Jibu: joto kali, jiji lina kiu, oda zimejaa, huna adabu wewe? Sawa. Masika inaingia, mauzo yanashuka, mashine inasimama hata siku mbili mfululizo. Naenda na orodha yangu ya vipuri. Jibu: hali ya biashara si unaiona mwenyewe? Kwa hiyo wakati wa jua hakuna muda, wakati wa mvua hakuna hela, na mashine nayo haijui kalenda, inachagua Jumamosi usiku.

Na siku adimu ambayo kila kitu kinazunguka, giaboksi imepoa, kompresa inapumua vizuri, nimekaa na chai yangu nasikiliza mitambo kwa sikio, ndiyo siku mkurugenzi anapita. "Injinia, naona leo huna kazi." Wiki hiyohiyo nikapewa kusimamia na fyekeo la bustani.

Mtaani ndiyo usiseme. Wakishasikia injinia wa kiwanda, basi. Feni, pasi, blenda, redio ya marehemu babu yao, vyote vinaletwa mlangoni kwangu vimefungwa kwenye mfuko. Ukisema huna nafasi, umeringa. Ukitengeneza, "si kazi yako hiyo baba?"

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba pampu ya kisima ikamgomea. Nikamwamkia, nikafungua, kapasita imevimba. Akaniambia, "Nunua tu mwanangu, tutakatana kwenye kodi." Nikanunua, nikafunga, maji yakapanda hadi tenki la juu, akanibariki mimi na kizazi changu. Tarehe moja nikampelekea kodi nikiwa nimeshatoa hela ya kapasita. Akazihesabu. Akazihesabu tena.

"Baba Neema, mbona pungufu?"

"Ile kapasita, mama."

"Aa, ile? Mimi nilijua umenisaidia tu kama mwanangu. Kwani si mnazo nyingi huko kiwandani?"

Nikaongezea.