Chapati ya saa nne: mgonjwa wa tezi aseme au anyamaze kazini?

Saa nne asubuhi, katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, mama lishe huingia na chupa ya chai ya maziwa na hotpoti la chapati, na asiyenyoosha mkono huulizwa papo hapo kama amefunga au anaringa. Kwa mtu ambaye tezi yake ya thairoidi haizalishi homoni ya kutosha, na ambaye pia tumbo lake halipatani na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na shayiri, swali hilo ni zito, kwa sababu kulijibu kwa ukweli ni kuanza kueleza ugonjwa wake mbele ya watu ambao kesho huenda wakajaza fomu ya kutathmini kazi yake.

Wanaoshauri kunyamaza wana hoja ya kusikilizwa. Sehemu kubwa ya matibabu hufanyika nyumbani: kidonge cha levothairoksini, yaani dawa inayojaza pengo la homoni ya tezi, humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, na anayetumia pia vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu huvitenganisha na dawa hiyo kwa saa 4. Anayekula saa nne ofisini ana nafasi ya kutosha tangu alfajiri. Isitoshe, mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja anajua kwamba neno "mgonjwa" likishaingia katika faili lake halitoki kwa urahisi.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau miezi ya mwanzo. Dozi inayomfaa mtu haijulikani kwa siku moja. Daktari huanza na dozi fulani, kisha hupima damu baada ya wiki 6 hadi 8, na pengine hubadilisha na kungoja tena. Katika kipindi hicho mtu husinzia mezani, huhisi baridi wenzake wakilalamikia joto, husahau alichoagizwa dakika chache zilizopita, na kwa kuwa hana bandeji wala homa, jina analopewa ni mvivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, lakini haki hiyo hupita kwenye cheti cha daktari. Aliyenyamaza kabisa hujikuta anajibu barua ya onyo kwa jambo ambalo cheti kingelieleza.

Upande wa chakula unahitaji uangalifu zaidi, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakipotoshwa. Ni kweli kwamba ugonjwa wa siliaki, yaani ule ambao gluteni husababisha kinga ya mwili kuudhuru utumbo, huonekana zaidi kwa wenye maradhi ya tezi yatokanayo na kinga ya mwili kujishambulia. Hilo halina maana kwamba kila mgonjwa wa tezi aache chapati, wala kwamba kuacha ngano kunachukua nafasi ya kidonge. Anayeacha kabla ya kupimwa hujiharibia kipimo chenyewe, kwani damu huonyesha siliaki vizuri mtu akiwa bado anakula ngano.

Kwa aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na siliaki, mwajiri anaweza kusema, na si bila haki, kwamba jiko linalolisha watu wengi halibadilishwi kwa ajili ya mmoja. Lakini kwetu mabadiliko yenyewe ni madogo mno. Wali, ugali wa mahindi, ndizi na mihogo havina gluteni. Tatizo limejificha pembeni: mihogo iliyokaangwa katika mafuta yaliyotoa maandazi, uji wa lishe uliochanganywa unga wa ngano, kitumbua ambacho kwa asili ni cha mchele lakini mpishi amekiongezea ngano kidogo ili kishikane. Mambo hayo hayajulikani bila kumuuliza mpishi, na mpishi hawezi kujibu swali asiloulizwa.

Kwa hiyo naegemea upande wa kusema, ila kwa kipimo. Msimamizi anahitaji kujua kwamba kwa miezi kadhaa utakwenda kliniki na kwamba zamu ya usiku ihamishwe ikiwezekana. Jina la ugonjwa libaki kwenye cheti, mikononi mwa ofisa anayetunza faili. Mama lishe naye anahitaji sentensi moja tu: "Mama, mihogo yangu naomba uichemshe, usiikaange." Ushauri huu unamfaa mwenye ajira rasmi. Kibarua wa siku, anayelipwa jioni na asiye na faili wala msimamizi wa kudumu, akimweleza mnyapara kwamba anachoka huenda asiitwe kesho yake, na kwake yeye sioni namna ya kumlaumu akinyamaza.